Kijitabu cha marehemu ami cha kutambua ndege kwa macho: makosa haya yametoka wapi?

Mwana wa Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Marehemu ami yangu alikuwa mwanamgambo wakati wa vita vya Kagera, na miongoni mwa vitu alivyotuachia ni kijitabu cha mafunzo ya kutambua ndege za kivita kwa macho. Ni nakala iliyorudufiwa, jalada limekatika, na hakina jina la mtungaji wala la taasisi iliyokitoa. Binti yake amenikabidhi mimi kwa kuwa nasomesha jiografia skuli, na anachotaka ni nikipige picha ukurasa kwa ukurasa na nikiandikie maelezo, ili wajukuu wakikifungua waelewe babu yao alikuwa akisoma nini.

Nilidhani kazi hii ingemalizika kwa juma moja, lakini kila nikiendelea nakutana na mambo yanayonitia shaka. Katika ukurasa wa MiG-17, mchoro unaonesha vibao viwili vyembamba vilivyosimama juu ya kila bawa, ilhali katika kila picha halisi ya ndege hiyo niliyoitazama nimehesabu vitatu. Katika ukurasa wa MiG-21, ndege iliyochorwa kama inavyoonekana kutoka chini haina vile vibawa vidogo vya mkiani, kwa hiyo imebaki pembetatu tupu, na mtu asiyesoma maandishi angeapa kwamba ni Mirage III ya Kifaransa. Tena michoro yote ina ukubwa mmoja, minne kwa kila ukurasa, hata An-12, ndege ya mizigo yenye injini nne, imechorwa sawasawa na ndege ya rubani mmoja.

Lililonigusa zaidi ni maandishi ya penseli pembeni mwa mchoro mmoja, kwa mwandiko wa ami ninaoujua vizuri: "Juani haionekani hivi."

Naomba msaada wenu katika mambo mawili. Je, makosa ya namna hii ni ya aliyekitayarisha kijitabu hiki peke yake, au vitabu vya mafunzo haya vimekuwa nayo hata katika majeshi makubwa? Na je, niyasahihishe katika maelezo yangu, au niache kijitabu kiseme kama kilivyomfundisha ami?

Mstaafu wa Kisauni

Wa alaykum salaam, Maalim. Allah amrehemu ami yako.

Kazi yangu hadi kustaafu ilikuwa kupokea ndege hapa Kisauni na kuzielekeza zinapoegesha, na kabla ya hapo nilipitia mafunzo ambamo tulioneshwa slaidi za aina hiyo hiyo uliyonayo. Kuhusu ukurasa wa kwanza sina wasiwasi: bawa lenye vibao viwili ni la MiG-15, na lenye vitatu ni la MiG-17. Aliyekusanya michoro amechukua picha ya kaka akaiweka juu ya jina la mdogo wake.

Suala la ukubwa ni zito kuliko linavyoonekana. Mabawa ya An-12 yana upana wa mita 38 kutoka ncha hadi ncha, na ya MiG-17 hayafiki mita 10. Mlinzi aliyesimama ufukweni hana futi ya kupimia anga; anachoweza kujua ni kiasi gani ndege imejaa baina ya vidole viwili alivyovinyoosha mbele ya jicho lake. Ikiwa anajua upana halisi wa ndege, kutokana na hapo atakadiria umbali wake, na aliye kwenye mzinga atajua kama wakati wa kupiga umefika. Ikiwa kitabu kimemzoesha kwamba zote ni sawa, ndege kubwa iliyo mbali ataidhania ndogo iliyo karibu. Hata ndege za baadaye zina tatizo hilo hilo: Su-27 na MiG-29 zote zina mikia miwili iliyosimama na injini mbili zilizoachana, na zikichorwa kwa kipimo kimoja mwanafunzi hupata taabu kuzitenganisha, ilhali ya kwanza ina urefu wa karibu mita 22 na ya pili karibu mita 17.

Lakini ukiniuliza kosa kubwa kuliko yote, nitakwambia ni picha iliyo sahihi kabisa, isipokuwa imepigwa kutoka mahali ambapo mtazamaji hatakuwapo. Tarehe 14 Aprili 1994, kaskazini mwa Iraq, marubani wawili wa Marekani waliokuwa katika ndege za F-15 walizitungua helikopta mbili za jeshi lao wenyewe aina ya Black Hawk, na watu wote 26 waliokuwamo wakafariki. Walizidhania ni Mi-24 za Kirusi, zile ambazo majeshi ya Magharibi huziita Hind. Kiongozi wao alipita karibu nazo akazitazama, kisha akafungua kijitabu cha picha alichokuwa nacho ndani ya ndege akalinganisha, na kijitabu hakikumzuia.

Tazama alichofunzwa. Katika mafunzo yao ya mwisho kabla ya siku ile, slaidi za helikopta zilikuwa asilimia 5 tu, kwa sababu kazi yao ilikuwa kupambana na ndege za kasi. Picha za helikopta walizooneshwa zilitoka kwa jeshi la nchi kavu na zilipigwa kutoka ardhini, kwani askari wa nchi kavu ndivyo anavyoiona helikopta: anainua shingo. Hakukuwa na hata moja iliyopigwa kutoka juu na nyuma, na huko ndiko rubani wa F-15 anakotokea. Isitoshe, Black Hawk zile zilikuwa zimefungwa vibawa vya kubebea matangi ya ziada ya mafuta, na Mi-24 nayo ina vibawa vya kubebea silaha. Kila helikopta ilikuwa na bendera sita za Marekani zilizopakwa rangi ubavuni, tumboni na kwenye matangi, lakini bendera ya chini ya meta moja, kwa mtu anayepita kwa kasi ile, haisomeki.

Miongozo mingi ingekuambia uhesabu mapanga ya juu, kwamba Mi-24 ina matano na Black Hawk ina manne. Ni kweli, na katika mchoro yanahesabika. Yakizunguka, nani atayahesabu?

Anayetaka kuyaona haya kwa macho yake asisubiri vita. Asimame asubuhi upande wa Kiembe Samaki, atazame ATR 72 na Dash 8 Q400. Zote mbili zina mabawa yaliyokaa juu ya kiwiliwili, injini mbili za rafadha, na mkia wenye umbo la herufi T. Mtu atakwambia: tazama magurudumu, ya ATR yanatoka kwenye uvimbe wa tumbo na ya Q400 yananing'inia kutoka chini ya injini kama miguu ya korongo. Ni alama nzuri kwa ndege inayotua. Ikishapaa na magurudumu yakaingia ndani, alama hiyo imeondoka, na inabidi utazame mambo mengine: Q400 ni ndefu na nyembamba, karibu mita 33 dhidi ya 27 za mwenzake, na maganda ya injini zake yamechomoza hadi nyuma ya bawa kwa sababu ndimo magurudumu yanamojificha. Kisha jua likiwa nyuma ya ndege, rangi zote zinakuwa nyeusi, na hapo ndipo nadhani ami yako aliposhika penseli.

Bint Mkoani

Nashukuru kwa maelezo ya mzee wetu wa Kisauni. Mimi naongeza jambo ambalo halimo katika swali lakini linalijibu: kuna wakati mwongozo umechora ndege ambayo haikuwepo.

Mwaka 1940 Wajerumani walichukua ndege chache za aina ya He 100, ambazo hazikuwa zimeingia katika kikosi chochote cha vita, wakazipaka alama za vikosi vya kubuni, wakazipiga picha na kuzitangaza kama ndege mpya iitwayo He 113. Waingereza walizisadiki picha zile, wakaiingiza He 113 katika miongozo yao ya utambuzi pamoja na michoro yake, na marubani wao, watu wakweli waliokuwa wakihatarisha roho zao, wakawa wanarudi kutoka angani na kuripoti kwamba wamepambana nayo. Huenda walipambana na Messerschmitt za kawaida. Picha iliyokuwa kitabuni ilitangulia kukaa katika macho yao, na jicho lililoelezwa litafute kitu hukipata.

Kwa upande wa Japani, Wamarekani walizipa ndege za adui majina mafupi ya watu ili yawe rahisi kutamkwa redioni. Baadhi ya majina hayo, kama Gus na Harry, yalipewa ndege ambazo hazikupata kuundwa. Zilikuwa michoro ya kubuni iliyotolewa katika gazeti la Kijapani la mambo ya anga, ikanakiliwa na wengine, mwisho ikafika katika orodha za kijeshi. Na kinyume chake kilitokea pia. Ndege ya Zero iliyokatwa ncha za mabawa ilipoonekana mara ya kwanza, ilidhaniwa kuwa ndege mpya kabisa, ikapewa jina lake Hap, baadaye Hamp, hadi ilipofahamika kwamba ni Zero ile ile yenye mabawa ya mraba.

Kwa hiyo, Maalim, jibu la swali lako la kwanza ni kwamba majeshi makubwa hayakusalimika. Miongozo hii hutungwa kwa haraka, na watu ambao aghalabu hawajaiona ndege yenyewe, kutokana na picha ambazo adui ndiye aliyechagua ziwe vipi. Mchoro ukishaingia katika kitabu kimoja, kitabu cha pili huuchukua kutoka cha kwanza, na cha tatu kutoka cha pili, na hakuna tena anayerudi kwenye picha ya asili.

Kuna jambo moja naomba ulitazame kabla hujaandika chochote kuhusu MiG-17 yako, kwa sababu sikuridhika na hukumu ya haraka iliyotolewa hapo juu, na mzee atanisamehe. Vibao ni mistari myembamba, na mistari myembamba ndiyo ya mwanzo kupotea katika kurudufu. Bawa lenyewe halipotei. Bawa la MiG-15 limelazwa nyuma kwa kiasi cha digrii 35, na ukingo wake wa mbele umenyooka. La MiG-17 limelazwa zaidi, digrii 45 karibu na kiwiliwili, kisha linapungua kidogo kuelekea nchani, hivyo ukingo wake una mkunjo mdogo. Wewe ni mwalimu, kipimapembe hukikosi. Pima, na ulitazame bawa la pili pia.

Mvuvi wa Kojani

Ndugu zangu, mimi si mtu wa ndege, lakini jambo la kutambua chombo kwa mbali ndilo tulilolelewa nalo.

Sisi hatumfundishi mtoto kuanza na omo, kisha mlingoti, kisha foromali, kisha tezi, halafu ajumlishe. Tunakaa naye ufukweni, chombo kinatokea, tunamwambia: lile ni jahazi la fulani. Kesho kinatokea tena kimelala upande kwa mzigo, tunamwambia: ni lile lile. Kesho kutwa kinakuja usoni, tanga halionekani ila kama uzi, tunamwambia: ndilo hilo. Baada ya msimu mmoja mtoto anakijua kwa namna kinavyopanda wimbi, kabla hajaona kipande chochote cha kukitaja. Mkimpa karatasi yenye picha moja ya ubavuni, siku chombo kikija usoni atakaa kimya.

Swali langu ni hili: hao waliotunga miongozo waliwafundisha watu vipande au chombo kizima?

Bint Mkoani

Mzee wangu wa Kojani, umegusa mjadala ambao waliouendesha walikuwa na maabara, na bado walifika pale pale ulipofika wewe.

Njia ya vipande ndiyo iliyoenea zaidi. Jeshi la Marekani limeihifadhi katika miongozo yake kwa mpangilio wa mambo manne: mabawa, injini, kiwiliwili na mkia, na mwanafunzi hupita moja baada ya jingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasaikolojia Samuel Renshaw wa Chuo Kikuu cha Ohio State alikuja na njia ya kitu kizima: picha ya ndege humulikwa ukutani kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na mwanafunzi hutakiwa aitaje bila kupata nafasi ya kuhesabu chochote. Jeshi la majini la nchi yake liliichukua njia hiyo. Wengine waliona kwamba kasi ya mmuliko haikuwa ndiyo siri, na kwamba kilichosaidia ni wingi wa picha na wingi wa pande. Mimi nadhani vipande vina faida yake kwa mwalimu, kwa sababu vinampa maneno ya kusemea, lakini mlinzi hawezi kuishi kwa maneno hayo.

Linabaki suala ambalo mchoro hauwezi kulijibu hata ukiwa hauna dosari: ndege ni ya nani. Katika vita vya Kagera, Uganda ilirusha MiG, na Tanzania ilirusha MiG na nakala zake za Kichina. Mlinzi akiitambua vizuri kabisa aina ya ndege, bado hajajua kama aishangilie au akimbilie handaki. Ndiyo maana majeshi hutia alama. Mwezi Mei 1942 Wamarekani waliiondoa duara nyekundu iliyokuwa katikati ya nyota yao kwa kuwa ilifanana na jua la Wajapani. Usiku wa tarehe 11 Julai 1943, huko Sicily, ndege zao 144 zilizobeba askari wa miavuli zilipita juu ya meli na mizinga ya upande wao, na 23 ziliangushwa. Mwaka uliofuata, walipovuka kwenda Normandy mwezi Juni, ndege za washirika zilipakwa mistari mipana myeupe na myeusi kwenye mabawa na kiwiliwili, ili hata mpigaji aliyejaa hofu aione.

Mstaafu wa Kisauni

Dada yangu wa Mkoani, sina cha kusamehe. Ulilolisema kuhusu bawa ni haki. Nilihesabu vibao nikaacha kulitazama bawa, na hilo ndilo kosa nililokuwa nikiwakataza vijana niliowafundisha. Maalim, tunasubiri vipimo.

Mwana wa Wete

Nimepima jana usiku kwa kipimapembe cha skuli na kioo cha kukuzia. Ukingo wa mbele wa bawa la kulia umelala kwa digrii 45 na ushei karibu na kiwiliwili, na katikati ya bawa kuna mkunjo ambao sikuwahi kuuona kwa sababu sikuwa nikiutafuta. Bawa la kushoto lina vibao viwili vilivyokamilika, na mahali panapopaswa kuwa na cha tatu pana nukta tatu za wino zilizopangana katika mstari mmoja. Ni MiG-17. Mchoraji hakukosea, mstari umekufa katika kurudufu, pengine katika nakala ya pili au ya tatu kabla hakijafika mikononi mwa ami.

Kwa MiG-21 nimetafuta vivyo hivyo na sikuona nukta wala kovu la wino. Vibawa vya mkiani havikuchorwa kabisa katika umbo la chini, ingawa katika umbo la ubavuni vipo. Hapo aliyekosea ni mchoraji.

Nimekwenda pia kuutazama tena ukurasa wenye penseli. Ni ukurasa wa MiG-21 huo huo, na neno "juani" lina mshale mdogo unaoelekea mkiani. Sasa sijui kama ami alikuwa akilalamika kwamba mkia wa mchoro una kasoro, au alikuwa akisema kwamba dhidi ya jua hata vibawa vilivyopo havionekani. Nitaacha maneno yake peke yake, nisiyafasiri. Kijitabu chenyewe sitakigusa kwa wino; maelezo nitayaandika katika karatasi ya pembeni, na kwa kila mchoro nitasema kama kasoro ni ya mkono, ya mashine au ya kipimo, na chini yake nitaandika upana halisi wa mabawa kwa mita. Mzee wa Kisauni, ikiwa una vipimo vya An-2 na Il-28 karibu nawe, naviomba, kwani ndizo kurasa mbili zinazofuata.

Mstaafu wa Kisauni

An-2 ina mabawa mawili yaliyopandana, la juu lina mita 18 na kidogo, la chini ni fupi zaidi, karibu mita 14. Hakikisha mchoraji hakuyafanya sawa. Il-28 ina kiasi cha mita 21 na nusu. Bawa lake limenyooka lakini mkia wake umelazwa nyuma, na katika slaidi tulizosomeshwa sisi vyote viwili vilikuwa vimenyooka. Anzia hapo.